Kupandisha Alama za Mikopo Zilizoporomoka Marekani: Ripoti Kwanza, Kadi Baadaye, Mkopo Mdogo Mwishoni

Mtu anayehamia Marekani kutoka Mombasa, Bukavu au Mwanza hugundua mapema kwamba mwenye nyumba, muuzaji wa magari, kampuni ya simu na, katika majimbo mengi, hata kampuni ya bima ya gari, wote wana jambo moja wanalotaka kulijua kabla ya kukubaliana naye: alama zake za mikopo, yaani namba inayokadiria kama atalipa madeni yake kwa wakati. Alama zinazotumiwa zaidi ni za mfumo wa FICO, ambazo huanzia 300 na kuishia 850. Aliye chini ya 580 huhesabiwa kuwa na alama duni, aliye kati ya 580 na 669 huwekwa daraja la wastani, na kuanzia 670 mtu huanza kuhesabiwa kuwa mkopaji mzuri. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule ambaye alama zake zimekwisha kuporomoka, iwe ni kwa sababu ya kadi iliyojaa ikaachwa, bili ya hospitali iliyopelekwa kwa wakusanya madeni, au deni la tiketi ya ndege ambalo mkimbizi hulitia saini kabla ya kusafiri na kulisahau baada ya kufika.

Alama zilizoshuka hupanda tena, lakini mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama jitihada zako zitazaa kitu au zitakuongezea deni. Wengi huanza na kadi mpya, kwa kuwa matangazo ya kadi ndiyo yanayojaa kwenye sanduku la barua. Mimi nashauri kadi iwe hatua ya tatu na mkopo mdogo uwe hatua ya nne, na wapo ambao hiyo hatua ya nne hawaihitaji kabisa.

Kinachopimwa na kisichopimwa

Katika mfumo wa FICO, asilimia 35 ya alama hutokana na historia ya ulipaji, asilimia 30 hutokana na kiasi unachodaiwa, hasa kikilinganishwa na ukomo wa kadi zako (kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa kwa kadi), asilimia 15 hutokana na umri wa akaunti zako, na zilizobaki hugawanywa sawa kati ya maombi mapya ya mikopo na mchanganyiko wa aina za mikopo uliyo nayo. Karibu theluthi mbili ya alama, basi, imo katika mambo mawili tu, yaani kulipa kwa wakati na kutojaza kadi.

Mshahara haumo katika hesabu hiyo, na akiba haimo. Kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata pesa zako mwenyewe, haijengi chochote hata ukiitumia kila siku kwa miaka kumi. Pesa unazotuma nyumbani kila mwisho wa mwezi, ambazo kwa watu wetu ndizo ushahidi mkubwa wa uaminifu, hazionekani popote, na kwa kawaida rekodi njema uliyoiacha katika sacco ya Nakuru au benki ya Dar es Salaam haivuki bahari.

Hatua ya kwanza: soma ripoti zako zote tatu

Kampuni kubwa zinazotunza kumbukumbu za mikopo ni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Kila moja ina jalada lake, na kwa kuwa mkopeshaji halazimiki kupeleka taarifa kwa zote, majalada hayo mara nyingi hutofautiana. Tovuti iliyoidhinishwa kisheria kutoa ripoti hizo bure ni AnnualCreditReport.com, na tangu 2023 kampuni hizo tatu zimefanya kuwa utaratibu wa kudumu kutoa nakala bure kila wiki. Ripoti hiyo haina alama yenyewe, bali taarifa ambazo alama hukokotolewa kwazo. Kusoma ripoti yako mwenyewe hakupunguzi alama hata kidogo.

Usiisome kwa haraka. Chini ya kila akaunti utakuta safu ya visanduku vidogo, kimoja kwa kila mwezi. Kisanduku kilichotiwa tiki ni mwezi uliolipwa, na chenye 30, 60 au 90 ni mwezi ambao malipo yalichelewa kwa siku zinazofikia idadi hiyo. Ukichelewa siku tano utatozwa faini, lakini jambo hilo haliingii kwenye ripoti, kwa sababu wakopeshaji huripoti ucheleweshaji unapofikia siku 30. Kwa hiyo aliyekosa tarehe yake bado ana nafasi ya kukopa kwa ndugu, kuuza kitu au kuomba zamu ya ziada kazini kabla ya siku ya 30, na juhudi hiyo inafaa kuliko marekebisho yoyote ya baadaye.

Tafuta pia tarehe ambayo akaunti ilianza kuchelewa bila kurudi katika hali nzuri. Kwa mujibu wa sheria ya ripoti za mikopo ya 1970, taarifa mbaya nyingi hazipaswi kubaki kwenye ripoti zaidi ya miaka saba, na tamko la kufilisika linaweza kubaki hadi miaka kumi. Miaka saba hiyo huhesabiwa kuanzia ucheleweshaji wa awali. Kampuni inayonunua deni la zamani haina haki ya kuisogeza tarehe mbele, na ukiona deni la miaka sita limeandikwa kana kwamba lilianza mwaka jana, hilo ni kosa la kupinga mara moja.

Watu wetu wana tatizo jingine ambalo waandishi wa miongozo ya Kiingereza hawalitaji. Juma Ali Hassan huandikishwa mahali pamoja kama Juma Hassan, pengine kama Ali Juma, na wakimbizi wengi wamepewa tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1 kwa sababu makaratasi yao yalipotea au hayakuwahi kuwepo. Ndugu wawili wa nyumba moja, wenye majina yanayofanana na tarehe hiyo hiyo, wanaweza kabisa kukuta madeni ya mmoja yameingia katika jalada la mwenzake. Hakiki kila anwani na kila tahajia ya jina iliyo kwenye ripoti kabla hujafika kwenye akaunti zenyewe.

Kosa lolote lipinge kwa maandishi, ukiambatanisha nakala za vielelezo na kubaki na nakala halisi mikononi mwako. Barua iende kwa kampuni ya kumbukumbu na nyingine kwa mkopeshaji aliyetoa taarifa hiyo. Kwa kawaida uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 30, na katika mazingira fulani hadi 45.

Hatua ya pili: zima moto unaowaka sasa

Baada ya kujua kilichomo, anza na akaunti ambazo bado ziko hai lakini zimechelewa, hata kama deni la zamani lililo kwa wakusanya madeni ni kubwa zaidi na simu zao zinakukera zaidi. Akaunti hai inayochelewa huongeza doa jipya kwenye ripoti kila mwezi, ilhali deni la zamani limekwisha kukuumiza na madhara yake hupungua kadiri muda unavyopita. Mpigie mkopeshaji, mweleze kwamba kipato kimeshuka, na uombe mpango wa unafuu ulioandikwa. Kama Kiingereza chako hakikupi uhakika, omba mkalimani wa Kiswahili. Tafadhali usimkalishe mtoto wa darasa la saba kwenye simu awe mkalimani wa madeni ya baba yake.

Wakusanya madeni wanahitaji utulivu zaidi. Sheria ya 1977 inayosimamia kazi yao inakupa siku 30, tangu upokee taarifa yao ya deni, za kulipinga kwa maandishi, na ukifanya hivyo wanapaswa kusimamisha madai hadi watakapokuletea uthibitisho. Kabla ya kulipa hata dola kumi kwenye deni la miaka mingi, fahamu kwamba katika majimbo mengi malipo ya sehemu tu yanaweza kuanzisha upya muda ambao mdai anaruhusiwa kukupeleka mahakamani, ingawa miaka saba ya ripoti haianzi upya. Kwa deni la namna hiyo, zungumza kwanza na mshauri wa shirika lisilo la faida. Mtandao wa NFCC (National Foundation for Credit Counseling) una washauri wa aina hiyo nchini kote, na ushauri wa mwanzo mara nyingi ni bure au kwa ada ndogo.

Bili za hospitali zina utaratibu wake. Tangu 2022 kampuni hizo tatu huondoa kwenye ripoti deni la matibabu lililokwisha kulipwa, na lisilolipwa huliacha mwaka mzima kabla ya kulionyesha. Tangu Aprili 2023 ziliondoa pia madeni ya matibabu ambayo kiwango chake cha awali kilikuwa chini ya dola 500. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kisheria kuwa na sera ya msaada wa kifedha kwa wagonjwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo omba fomu hiyo hata kama bili imekwisha kutoka.

Deni la tiketi ya ndege halina riba, na marejesho yake kwa kawaida huanza miezi sita baada ya mkimbizi kuwasili. Kwa familia nyingi kutoka Kongo na Burundi hili ndilo deni la kwanza kabisa nchini Marekani, nalo huonekana kama jambo la makaratasi ya uwanja wa ndege. Shirika linalokusanya marejesho linaweza kupeleka taarifa kwa kampuni za kumbukumbu. Ukizidiwa, waombe wapunguze kiwango cha kila mwezi badala ya kunyamaza.

Hatua ya tatu: kadi moja yenye dhamana

Mwenye alama duni atakataliwa kadi nyingi za kawaida, na kila ombi huacha kumbukumbu ya upekuzi, yaani kwamba mkopeshaji alikagua ripoti yako, inayobaki kwenye ripoti kwa miaka miwili, ingawa FICO huihesabu kwa miezi 12 ya mwanzo tu. Kadi inayomfaa ni ile yenye dhamana: unaweka benki, tuseme, dola 300, na benki inakupa kadi yenye ukomo wa dola 300. Dhamana hiyo ni yako na utarudishiwa, mradi huna deni, siku utakapofunga kadi au itakapobadilishwa kuwa ya kawaida. Anza na chama cha ushirika cha akiba na mikopo kilicho karibu nawe, kwa kuwa mara nyingi masharti yake ni mepesi. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii aulize kama namba ya mlipakodi ya ITIN inakubaliwa, maana baadhi ya taasisi huipokea.

Kabla ya kutia saini, hakikisha kwamba kadi inaripotiwa kwa kampuni zote tatu na kwamba haina ada ya mwaka. Kuna kadi zinazolengwa kwa watu wenye alama duni ambazo mtoaji wake hupata faida yake kwenye ada. Sheria ya kadi ya 2009 inaweka kikomo cha ada nyingi za mwaka wa kwanza kuwa asilimia 25 ya ukomo wa kadi, lakini hata hiyo ina maana kwamba kadi ya dola 300 inaweza kukatwa dola 75 kabla hujanunua hata unga.

Hapa ndipo watu waaminifu, wanaolipa kila senti, hupoteza alama bila kujua sababu. Kadi ina tarehe mbili. Ya kwanza ni siku ya kufunga hesabu za mwezi, ambapo benki huandaa taarifa yako na, kwa kawaida, kupeleka salio la siku hiyo kwa kampuni za kumbukumbu. Ya pili ni tarehe ya mwisho ya kulipa, ambayo kisheria taarifa yako lazima iwe imetumwa angalau siku 21 kabla yake. Chukua mfano wa mtu mwenye ukomo wa dola 300 ambaye amenunua chakula cha dola 240, hesabu zake zikafungwa tarehe 12, naye akalipa zote tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Hakutozwa riba wala faini. Hata hivyo, ripoti yake inasema alitumia asilimia 80 ya ukomo wake, na mfumo unamsoma kama mtu aliyebanwa. Lau angalilipa dola 220 tarehe 10, hesabu zingalifungwa zikiwa na dola 20, ambazo ni chini ya asilimia 7, na hizo 20 angalizilipa baadaye bila haraka.

Ushauri wa kawaida ni kutozidi asilimia 30, na hiyo ni dari tu. Wenye alama za juu kabisa huwa chini ya asilimia 10. Kwa mtu anayejenga upya, njia rahisi ni kuweka bili moja ndogo kwenye kadi, kama vile ya simu, kuamuru benki ilipe salio lote yenyewe kila mwezi, kisha kuiacha kadi nyumbani. Puuza uvumi kwamba ni lazima ubakishe deni kidogo kila mwezi ili alama zipande. Kubakisha deni kunakugharimu riba, ambayo kwenye kadi za namna hii mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mwaka, na hakukuongezei chochote. Usitoe pesa taslimu kwa kadi hiyo, kwa kuwa riba yake kwa kawaida huanza siku ile ile.

Mke, mume au ndugu mwenye kadi ya zamani iliyotunzwa vizuri anaweza pia kukuongeza kama mtumiaji aliyeidhinishwa, na historia ya kadi hiyo ikaingia katika jalada lako. Njia hii ni nzuri mradi mwenye kadi awe na nidhamu, maana akiijaza, kujaa huko kunaweza kukufikia na wewe. Kumdhamini mtu kwenye mkopo ni jambo tofauti kabisa: ukitia saini unalibeba deni zima kama lako, na akichelewa, ripoti yako huchafuka kama yake. Najua ilivyo vigumu kumkatalia binamu mbele ya wazee. Mwambie kwamba kwa sasa jina lako litakwamisha ombi lake, na huko siko kumdanganya.

Hatua ya nne: mkopo mdogo, kwa anayeuhitaji

Mkopo wa kujenga historia hufanya kazi kinyume cha mkopo wa kawaida. Chama cha ushirika hutenga kiasi, mathalani kati ya dola 300 na 1,000, katika akaunti iliyofungwa. Wewe unalipa kidogo kidogo kwa miezi 6 hadi 24, malipo yanaripotiwa, na mwishoni unakabidhiwa pesa hizo. Unafaa sana kwa asiye na deni lolote linaloendelea. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 na CFPB, shirika la serikali linalowalinda watumiaji wa huduma za fedha, ulionyesha kwamba mikopo hii iliwanufaisha wasio na madeni mengine, lakini kwa waliokuwa na madeni tayari alama zilielekea kushuka kidogo, pengine kwa sababu malipo mapya yaliwafanya washindwe kulipa ya zamani. Ndiyo sababu nimeiweka hatua hii baada ya kuzima moto wa hatua ya pili.

Aliyezoea upatu, chama au likelemba atavutiwa na taasisi kama Mission Asset Fund ya San Francisco, inayoendesha vikundi ambamo kila mwanachama huchanga kiasi sawa kila mwezi na kupokea kwa zamu, bila riba, na michango hiyo huripotiwa kwa kampuni zote tatu. Upatu wa kawaida wa mtaani, hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, hauingii kwenye ripoti.

Ukihitaji pesa za dharura, vyama vya ushirika vya shirikisho vinaruhusiwa kutoa mkopo mdogo wa dola 200 hadi 1,000 kwa riba isiyozidi asilimia 28 kwa mwaka na ada ya maombi isiyozidi dola 20. Linganisha hiyo na vibanda vya mikopo ya siku ya mshahara, ambako ada ya dola 15 kwa kila dola 100 kwa wiki mbili ni sawa na riba ya karibu asilimia 400 kwa mwaka. Mikopo ya vibanda hivyo kwa kawaida hairipotiwi ukilipa vizuri, ila ukishindwa na deni likauzwa, hapo huripotiwa.

Wakati wa kungoja

Wakopeshaji wengi hupeleka taarifa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kuangalia alama kila asubuhi hakuna faida. Kupunguza salio la kadi huonekana baada ya mwezi mmoja au miwili. Kufifia kwa ucheleweshaji wa zamani huchukua miaka. Usifungue akaunti nyingine katika kipindi hiki.

Ndipo pia wanapojitokeza wanaoahidi kufuta historia mbaya kwa malipo. Sheria ya 1996 inawakataza kudai fedha kabla ya kukamilisha kazi waliyoahidi, na inakupa siku tatu za kazi za kuvunja mkataba. Hakuna wanachoweza kukifanya kihalali ambacho huwezi kukifanya mwenyewe kwa barua. Anayekuuzia namba ya tarakimu tisa ya kutumia mahali pa namba yako ya hifadhi ya jamii anakuingiza kwenye kosa la jinai, na kwa ambaye bado hajapata uraia, kosa hilo linaweza kugharimu mengi kuliko mkopo.

Hatua ya tano: kuomba mkopo mkubwa

Kadi yenye dhamana ikiwa na rekodi safi ya miezi kadhaa, uliza kama benki inaweza kuigeuza kuwa ya kawaida na kukurudishia dhamana bila kufunga akaunti, ili ukomo na umri wake vibaki. Unapotafuta mkopo wa gari au wa nyumba, peleka maombi yako yote ndani ya siku 14, kwa kuwa FICO huyahesabu maombi ya aina moja yaliyokaribiana hivyo kama upekuzi mmoja. Maombi ya kadi hayana nafuu hiyo.

Ukikataliwa kwa sababu ya taarifa za ripoti yako, mkopeshaji analazimika kukupa barua inayoeleza sababu mahususi na kampuni ya kumbukumbu iliyotumika, nawe una siku 60 za kudai nakala ya ripoti hiyo bure. Barua ikitaja salio kubwa kwenye kadi, rudi kwenye tarehe ya kufunga hesabu na usubiri miezi miwili kabla ya kuomba tena. Ikitaja historia fupi, hakuna dawa zaidi ya miezi. Ikitaja akaunti usiyoitambua, peleka pingamizi siku hiyo hiyo na ufunge jalada lako kwa kampuni zote tatu ili wakopeshaji wapya wasilione, huduma ambayo tangu 2018 ni bure nchini kote, na uache limefungwa hadi suala hilo litakapopatiwa jibu la maandishi.